Mfumo tata au mfumo changamano? (na hiyo -ta- mnayoijaza kwenye mipango)

Swali la leo limetoka kwa afisa mipango mmoja wa Kanda ya Ziwa: "Shikamoo mwalimu. Tunaandika mpango wa uvuvi wa miaka 5 na kuna mahali tunataka kusema ziwa ni kitu ambacho ukigusa huku kinatikisika kule. Mimi niliandika mfumo tata, mwenzangu kafuta kaweka mfumo changamano, bosi anasema andikeni mfumo mgumu tu, wananchi waelewe. Nani yuko sahihi? Halafu ile hali ya kutojua mbele kutakuwaje tuiite sintofahamu?"

Marahaba. Mwenzako ndiye yuko sahihi, na hapa sio suala la kupamba Kiswahili, ukikosea neno hapo unakosea na mpango wenyewe.

Anza na tata. Nenda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua, asubuhi utamkuta mvuvi kakaa chini, nyavu zimetatana, anavuta uzi huu anauachia ule mpaka fundo linaachia. Anachofanya pale ni kutatua, na hiyo -ua ya mwisho ndiyo inayogeuza kitendo, kama funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kwa hiyo kutatua ni kuondoa kutata, na tatizo ni mtoto wa neno hilohilo. Sasa angalia, nyavu ikishatatuliwa inarudi vilevile ilivyokuwa jana, mvuvi anaikunja anaondoka, kazi imeisha. Kitu tata kina mwisho, hata kama kitakuchukua siku nzima.

Changamano ni ukoo mwingine kabisa, wa changa, changanya, changamana. Ule mwisho wa -mana unaujua, uko kwenye shikamana na fungamana, ni vitu vilivyoshikana na bado vimeshikana, yaani ndivyo vinavyoishi. Huku nako -ua ipo, ila inatupa kuchanganua. Na kuchanganua sio kutatua! Ukichanganua umetenganisha vipande ili uvione, hujamaliza kitu, na ukivirudisha majini vinashikana tena kwa namna yao.

Na hii wala sio mpya kwako, ulifundishwa sekondari ukaisahau. Sentensi tata ni ile yenye maana zaidi ya moja, "Juma alimpigia mpira", sasa alimpigia kwa niaba yake au alimpiga kwa sababu ya mpira? Ukiuliza swali moja utata umekwisha. Sentensi changamano ni "Mvuvi aliyekuja jana ameuza mabondo" (mabondo ni vile vibofu vya hewa vya samaki), haina utata hata chembe, kila mtu anaelewa, lakini hebu kata kile kipande "aliyekuja jana" ukiweke peke yake, kinaning'inia, hakina pa kusimama. Kinategemea. Ndio maana neno "mgumu" la bosi halitoshi (namwelewa nia yake, anawafikiria wananchi), kwa sababu kitu kinaweza kuwa changamano na kikaonekana chepesi kabisa, na hapo ndipo watu huumia.

Mfano mnao hapohapo mnapoishi. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara waliingizwa Ziwa Victoria. Hesabu ilikuwa nyepesi, ziwa limejaa furu, visamaki vidogo vyenye miba visivyo na bei, tulete samaki mkubwa awale furu halafu sisi tumvue yeye. Wapo walioonya lakini samaki alishaingia. Miaka mingi akawa kama hayupo, kisha miaka ya 1980 akafumuka ziwa zima, na furu waliokuwa na mamia ya aina, nyingi zikapotea. Sawa, samaki mkubwa tumempata. Ila furu unamwanika juani anakauka, sangara ana mafuta, jua halimtoshi, lazima moshi, moshi unataka kuni, kuni ni miti ya nchi kavu kule ambako hakuna aliyewahi kuandika kwenye mpango wa samaki. Baadhi ya furu walikuwa wanakula mwani, wakapungua, na mbolea na maji taka nayo yanaingia kutoka mashambani na mijini, maji yakazidi kuwa ya kijani. Dagaa wao wakaongezeka. Viwanda vya minofu vikasimama Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda Asia, na mama wa mtaani akabaki na mapanki, ile mifupa na kichwa baada ya mnofu kutolewa, anayakaanga kwenye karai kubwa pembeni ya barabara na watu wanakula na wanashukuru. Siwezi kukwambia sangara alikuwa hasara tupu, nyumba nyingi za Mwanza na Kisumu (kule wanamwita mbuta) zimejengwa kwa samaki huyo. Ninachosema ni kwamba waliomleta waliliona ziwa kama nyavu iliyotata, na sangara hatatuliki. Huwezi kumtoa ukabaki na ziwa la mwaka 1950.

Na neno mfumo lenyewe lingewakumbusha kama tungelisikiliza, limetoka kwenye kufuma, nyuzi za mtande zinakaa kwa urefu na za mshindio zinapita katikati, ukivuta mmoja kitambaa kizima kinajikunja.

Sasa kuhusu sintofahamu, hapana, msiitumie hapo. Neno lenyewe ni si-nto-fahamu, namna nyingine ya kusema "sitafahamu", wapo wanaosema mpaka leo sintokwenda, na kwa matumizi ya sasa linamaanisha watu kuchanganyikiwa au kutoelewana, kama mkutano umevunjika na hakuna anayejua kwa nini. Hali yenu nyinyi mnayo maneno mawili na msiyachanganye: kutotabirika ni tabia ya ziwa, kutokuwa na hakika ni hali yenu nyinyi mnaolipangia. Mkienda ziwani zaidi, mkapima zaidi, ya pili itapungua. Ya kwanza haipungui hata mkinunua kompyuta ngapi.

Kuna kitu hujaniuliza lakini nimekiona kwenye zile kurasa 2 ulizonitumia na kimenikaa rohoni. Kila sentensi ina -ta-. Tutaongeza, tutapunguza, tutatatua. Hivi wewe nyumbani ukiahidi kuja kesho unasema nitakuja ukanyamaza? Unasema tukijaaliwa, mvua isiponyesha, gari likipatikana. Kiswahili chetu cha kila siku kinajua kwamba kesho haiko mkononi, halafu tukishika kalamu ya ofisini tunaitupa -ki- yote. Irudisheni. Na -ki- ni kali kuliko unavyodhani maana inakulazimisha utaje utakachokuwa unakiangalia na utakachofanya ukikiona, huwezi kuiandika ukiwa hujafikiri.

Mliandika "Tutaongeza uvuaji wa dagaa kila mwaka." Mimi ningeandika: "Tutaongeza uvuaji wa dagaa mwaka wa kwanza, na kila msimu tutapima ukubwa wa dagaa wanaotua mwaloni. Wakianza kupungua ukubwa tutasimama hapohapo, tukiona sangara nao wanapungua tutapunguza, kisipotokea hata kimoja kati ya hivyo viwili tutaendelea."

Na wingi wa mfumo changamano ni mifumo changamano, isiwe mifumo michangamano, neno changamano halibebi kiambishi cha ngeli.