Jibu: Nimemwachia Mungu, je, niendelee kuomba?
Dada yangu, umeuliza kama kuendelea kuombea kazi baada ya kumwachia Mungu ni kukosa imani. Hapana kabisa! Mtazame Yesu pale Gethsemane. Mathayo 26 inasema aliomba mara tatu, maneno yale yale: kikombe cha mateso kimwepuke, ila mapenzi ya Baba yatimizwe. Kung'ang'ana na kujisalimisha, vyote ndani ya sala moja. Mtume Paulo naye alisihi mara tatu "mwiba" wake, yaani taabu iliyomtesa mwilini, umtoke. Haukutoka, akapewa neema ya kumtosha.

Mama yangu alipougua, nilipiga magoti kando ya kitanda chake miezi saba, nimeshika pindo la kanga yake. Siku nilipoweza kusema "mapenzi yako yatimizwe" nililia sana. Alfajiri yake nikaomba tena apone.