Sumukuvu katika unga wa lishe: je, kuchemsha uji kunatosha?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Urambo, Tabora, na nina mtoto wa miezi minane. Unga wa uji wake nautengeneza mwenyewe kwa mahindi, karanga na ulezi. Karanga hununua zilizovunjika kwa kuwa ni za bei nafuu. Zenye ukungu huziosha na kuzikaanga, kisha uji nauchemsha sana. Je, sumukuvu haifi kwa moto?

Jibu: Marahaba, mama. Sumukuvu (aflatoksini) haifi kwa sababu haina uhai. Wenye uhai ni kuvu, yaani ukungu wenyewe, na hao moto huwaua kweli. Lakini sumu waliyokwisha kuitoa ni kemikali inayostahimili joto la maji yanayochemka, hivyo uji hubaki nayo hata ukikaa jikoni saa nzima. Kukaanga huipunguza kiasi bila kuimaliza, na kuosha huondoa ukungu wa juu tu, ilhali sumu imepenya ndani ya punje. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumu hii, na bila shaka hawakuyala mabichi.

Kwa mtoto jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na uji uleule huurudia kila siku. Afrika Mashariki huruhusu mikrogramu 10 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za sumukuvu kwa kilo ya mahindi au karanga. Umoja wa Ulaya, kwa vyakula vya watoto wachanga, huruhusu mikrogramu 0.1 tu ya sumukuvu aina ya B1, iliyo kali kuliko zote.

Kwa hiyo nakuomba kwanza uache karanga zilizovunjika, maana mpasuko ndio mlango wa kuvu. Nunua zenye maganda, zimenye mwenyewe, uzimwage kwenye ungo penye mwanga wa kutosha, na uondoe kila iliyokunjamana, iliyotobolewa au iliyobadilika rangi. Ukishazikaanga, fikicha ngozi nyekundu na uzichambue tena, kwani hapo madoa yaliyokuwa yamejificha huonekana. Kazi hii ina faida kubwa: mara nyingi sumu nyingi hukaa katika punje chache. Ulizozitoa zifukie, wala usiwape kuku.

Mahindi nayo yachambue hivyo hivyo, na ukiyatilia shaka yakoboe, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huwa katika pumba na kiini. Kabla ya kuyahifadhi, tia kiganja cha punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, uache kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, bado yana unyevu, yarudishe juani juu ya turubai. Saga unga wa wiki moja au mbili tu.

Si lazima kila uji uwe na karanga. Siku nyingine tumia maharage au dagaa waliosafishwa vizuri. Na kunyonyesha, mama, endelea.