Uliza Fundi: Pembetatu za vitenge zinanivutika

SWALI: Shikamoo dada fundi. Nina mabaki mengi ya vitenge nikaamua nishone shuka la viraka, lile la pembetatu pembetatu. Nakata vizuri tu kwa paterni, ila nikishaunganisha mbili kitambaa kinavutika, kinakuwa na mawimbi, na zile ncha zinamezwa na mshono. Cherehani yangu ni ya miguu, je ndo tatizo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Cherehani haina kosa hata kidogo, tatizo ni kwamba unakata pembetatu kabla ya kushona. Chukua kipande cha kitenge ukivute kwa urefu, hakiendi, kivute kwa upana kinaenda kidogo sana, sasa kishike kona kwa kona uvute uone kinavyotanuka. Ule upande mrefu wa pembetatu yako umekatwa hapohapo mshazari, kwahiyo ukiugusa tu umeshavutika, afu unakuja kuupitisha kwenye mashine, lazima mawimbi yatoke.

Fanya hivi. Kata miraba miwili ya inchi 5, rangi tofauti, ilaze uso kwa uso, chora mstari wa chaki kona mpaka kona, shona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande wa pili, mishono punguza urefu kidogo maana ncha zake zitakatwa, ndo baadae unakata juu ya chaki. Unapata miraba miwili ambayo kila mmoja una pembetatu mbili tayari, na hakuna mahali uliposhona ukingo wa mshazari ukiwa wazi. Pasi usiikokote, ikandamize uinue, mshono ulale upande wa rangi iliyoiva.

Hapo usiwe na haraka ya kuunganisha, na hapa ndo wengi wanapoharibu kwakweli. Kata paterni ya mraba ya boksi gumu inchi 4 na nusu, ichore mstari kona kwa kona, iweke juu ya kila mraba ulioshona, mstari ulale juu ya mshono afu punguza kinachozidi pande zote. Miraba ikishaunganishwa kila mmoja utabaki inchi 4, ukipanga minne kama kishada unapata bloku ya inchi 8. Ncha kumezwa ni robo inchi inayoyumba, pima kutoka kwenye sindano ubandike selotepu kwenye bamba la cherehani, kitambaa kifuate hiyo.

SWALI: Naweza kuchanganya kanga na kitenge? – Mama wawili, Tanga

JIBU: Unaweza, na inapendeza sana mamaa. Kanga huwa nyepesi zaidi, ipake wanga upige pasi kabla ya kukata ili isihangaike. Ila vyote vifue kwanza, hasa nyekundu na nyeusi, loweka na kitambaa cheupe uone kama kinadaka rangi, kikidaka rudia mpaka maji yatoke safi, manake rangi ikichuja shuka limeshakamilika hamna namna tena.