Tununue kamera kwanza? Swali la usharika unaorusha ibada mtandaoni

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya habari katika usharika mmoja wa Kilutheri nje kidogo ya jiji la Mwanza. Tangu mwaka jana tunarusha ibada ya Jumapili mubashara kwenye Facebook kwa simu. Watazamaji hawazidi 15, na tukiwachunguza vizuri wengi ni washarika wetu wenyewe. Sauti inakuja na mwangwi, na mwezi uliopita sehemu ya kwaya ilinyamazishwa kwa madai ya hakimiliki. Wazee wa kanisa wametenga fedha za kununua kamera. Je, kamera itatusaidia kuwafikia watu walio nje ya kanisa?

JIBU: Amina, Katibu. Kwa hali uliyoieleza, ningeomba wazee waziache fedha hizo kwenye akaunti kwa miezi michache, kwa sababu hakuna hata moja kati ya shida ulizozitaja inayotokana na kamera.

Ibada mubashara ina watu wake: mgonjwa aliyelala nyumbani, mwanakwaya aliyehamishiwa Tabora kikazi, binti wa usharika aliyeko Muscat. Kwa hao endeleeni kurusha, hata wakiwa 15, maana hiyo ni huduma kamili. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga kanisani kwenu ana hesabu nyingine. Video ya ubora wa wastani inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa moja, kwa hiyo ibada ya saa mbili na nusu, pamoja na matangazo yote na mnada wa mazao mwishoni, itamgharimu zaidi ya GB 1 ya bando alilonunua kwa ajili ya mambo yake. Hata akiwa na bando la kutosha, muda huo wa Jumapili asubuhi huenda yuko sokoni, amelala, au yuko kwenye kanisa lake.

Sauti ya dakika 3 iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde haifikishi hata MB 1, na mtu huisikiliza akiwa kwenye daladala. Hapo ndipo nguvu yenu iende. Ninachosisitiza ni kwamba msiikate kutoka kwenye mahubiri ya Jumapili. Mchungaji akiwa mimbarani husema na washarika, hutaja somo la waraka lililokwisha kusomwa na mambo ya mtaa yanayofahamika kwa waliomo, na msikilizaji mgeni hujikuta ameingia katikati ya mazungumzo ya watu wengine. Mchungaji akae ofisini, afunge dirisha, ashike simu karibu na mdomo, na azungumze na mtu mmoja juu ya swali moja ambalo watu huuliza kweli: nimefiwa na sioni tena sababu ya kuomba, nimeacha kanisa miaka kumi, nitarudije bila kuulizwa maswali, je, mtu mzima anaweza kubatizwa na anaanzia wapi. Rekodi moja kwa juma inatosha.

Kuhusu mahali pa kuzituma, wengi hukimbilia kufungua kundi la WhatsApp. Kundi hubeba watu hadi 1,024 na linafaa kwa kwaya au jumuiya, lakini kila aliyemo huona namba za wenzake. Muumini wa dhehebu lingine, au jirani Mwislamu anayetaka tu kusikia mnachosema, hatajiunga mahali ambapo mzee wa kanisa anayeishi mtaa mmoja naye ataliona jina lake. Chaneli ya WhatsApp, ambayo ilianza mwaka 2023, inawaficha wafuasi wasionane namba, nayo haina kikomo hicho. Ile orodha ya kutuma kwa wengi kwa mpigo msiitegemee kwa wageni, kwani huishia watu 256 na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yenu.

Chaneli ina upungufu mmoja: msikilizaji hawezi kuzungumza nanyi humo kama kwenye ujumbe wa kawaida. Kwa hiyo kila rekodi imalizikie na namba ya simu ya kanisa, na hapa ndipo sharika nyingi huangukia. Simu iwe ya kanisa, isiwe ya mtu binafsi, na iwekewe zamu ya watu wawili waliofundishwa, mmoja wao mwanamke, wanaojibu kabla siku haijaisha. Wajibu kwa maneno yao wenyewe, wala wasitume picha yenye mstari wa Biblia kisha wakanyamaza. Ombi la maombezi lililoandikwa faragha lisisomwe kanisani wala kupachikwa kwenye kundi la wazee bila ruhusa ya mwenyewe. Mbali na uchungaji mwema, hili sasa ni suala la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za imani ya mtu na za afya yake kuwa taarifa nyeti. Picha za watoto wa Sunday school nazo zisipandishwe bila idhini ya wazazi.

Sasa mwangwi. Simu iliyowekwa nyuma ya kanisa lenye paa la bati hunasa sauti ya spika pamoja na ile inayorudi kutoka ukutani, na mvua ikinyesha hainasi kitu kingine. Muombeni fundi mitambo awatolee waya kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti za maiki na vyombo), kwenye tundu la ziada ambalo sauti yake hurekebishwa peke yake, kisha upite kwenye kifaa kidogo cha kuunganishia sauti hadi kwenye simu. Aanze na sauti ya chini kabisa, kwani mikisa hutoa mkondo mkubwa kuliko ule simu inaoutegemea kutoka kwenye maiki, na ndiyo maana waliounganisha moja kwa moja hulalamika kuwa sauti inakwaruza. Jaribuni Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya.

Madai ya hakimiliki, nadhani, yametokana na kwaya kuimba juu ya CD, au wimbo uliopigwa kutoka kwenye flashi wakati wa sadaka. Mitambo ya Facebook na YouTube hulinganisha sauti na rekodi zilizosajiliwa. Utenzi unaweza kuwa na umri wa miaka 150 na usiwe tena na mwenyewe, ilhali rekodi ya mwaka juzi ya utenzi huohuo inaye. Kwaya ikiimba kwa kinanda chenu, wimbo ukiwa wa zamani au mtunzi akiwa ametoa ruhusa, mara nyingi mtakuwa salama. Mkinyamazishwa kimakosa, katieni rufaa kupitia taarifa mliyotumiwa. Jambo jingine la haraka: tangu Februari 2025 Facebook huifuta video ya mubashara baada ya siku 30, basi pakueni mnayotaka kuyahifadhi.

Kabla ya kufunga, angalieni ukurasa wenu uko mikononi mwa nani. Niliwahi kuitwa na usharika mmoja ambao kijana aliyefungua ukurasa alikwenda chuoni, akapoteza laini, na nenosiri likapotea naye. Walianza upya na wafuasi sifuri, huku ukurasa wa zamani ukiendelea kutangaza ibada saa ambazo zilishabadilika. Wekeni wasimamizi wawili au watatu, kila mmoja akiwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili (kuombwa msimbo wa ziada baada ya nenosiri), na majina yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za baraza la wazee. Namba ya sadaka iwe lipa namba inayotokea kwa jina la usharika, ili mtu alione jina kabla ya kuingiza namba ya siri, maana matapeli hufungua kurasa kwa picha ya mchungaji.

Baada ya miezi mitatu, wapelekee wazee hesabu ya watu waliopiga au kuandika kwenye simu ya kanisa na wangapi kati yao walikuja, badala ya idadi ya watazamaji. Wakiona bado kuna haja ya kamera, watainunua wakijua inakwenda kwa nani.