Mduara wa kijani ulinidanganya kuhusu otofaji

Saa ya 41 ya kufunga ilinikuta nimeinamia sinki, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, macho yameingia giza. Simu ilikuwa pembeni, na ile programu ya kuhesabu saa inanipongeza kwa mduara wa kijani: eti seli zangu sasa "zinajisafisha", yaani otofaji imeanza. Niliuamini mduara kuliko magoti yangu.

Ndipo nikakaa chini nikasoma, kazi ambayo ningepaswa kuianza kabla ya kufunga.

Otofaji kwa asili yake ya Kigiriki ni kujila. Jina hilo alilitoa Christian de Duve mwaka 1963, yule Mbelgiji aliyegundua lisosomu, vile vifuko vya seli vyenye asidi na vimeng'enya. Seli huzungushia utando wa tabaka mbili kilichochakaa, iwe protini zilizogandamana au mitokondria (vitengeneza nishati vya seli) mbovu, kisha mfuko huo unaungana na lisosomu na kilichomo kinameng'enywa. Amino asidi zinazopatikana, yaani vijenzi vya protini, zinarudi kazini. Mimi humwona fundi anayekongoa gari bovu apate vipuri.

Ila kilichonikamata hasa ni ile hamira ya Yoshinori Ohsumi, mwanabiolojia wa Kijapani. Hamira ina kifuko kikubwa, vakuoli, kinachofanya kazi ya lisosomu. Ohsumi, akiwa Tokyo, alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kumeng'enya humo ndani, akaishindisha njaa. Mifuko iliendelea kuingia vakuoli lakini haikuvunjwa, ikarundikana, na baada ya saa chache tu akaiona kwa darubini ya kawaida: viduara vidogo vinatetemeka ndani ya kifuko. Ni kama kuziba bomba makusudi ili ujue maji hupitia wapi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1992. Nobeli ya tiba ikaja 2016.

Saa chache, basi, ni za hamira. Za mtu je? Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Otofaji haingoji saa fulani ifike. Ipo wakati wote kwa kiwango cha chini, huongezeka insulini na amino asidi zinapopungua, na ini halina mwendo mmoja na ubongo. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kukuonyesha imefika wapi mwilini mwako. Mduara wangu ulijua saa tu, basi.

Wala kuongezeka kwake si heri kila mara. Seli za saratani nazo huitumia kuvumilia njaa. (Hili wauza "siri za kujisafisha" hulipitia kimyakimya.)

Kwa hiyo, ukitaka kufunga, funga kwa sababu zako, ila usifukuzie saa. Ukiona kizunguzungu, acha, kula. Anayetumia insulini au dawa za kisukari, mjamzito, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la ulaji, azungumze na daktari kwanza, hapa sitanii. Na kama unachotaka ni otofaji yenyewe, kumbuka mazoezi pia: kwa panya imeonekana kukimbia huiongeza, bila kushinda njaa siku mbili.

Mimi nimefuta ile programu. Nakula mapema jioni, nalala, asubuhi nakula tena. Ini langu linajua ratiba yake.