Kabla hujasema "mstari huu unatuhusu", tazama umekaa kiti cha nani

Siku niliyomfukuza mhazini wetu nilikuwa nimejiandaa kuliko siku zote. Daftari nilikuwa nalo, Biblia mbili nilikuwa nazo, na nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kuomba. Kikundi chetu cha maombi kilikuwa kimepotelewa na fedha za rambirambi, laki mbili na ushei, na zamu ya kutoa neno ilikuwa yangu. Nikafungua Yoshua 7: habari za Akani, aliyeiba vitu vilivyowekwa wakfu, vazi zuri la Shinari, fedha iliyofukiwa hemani. Sikutaja jina la mtu. Nilisema tu kwamba Israeli haiwezi kusimama mbele ya adui wakati kilichowekwa wakfu kimefichwa kambini, nikanyamaza kidogo, kile kimya cha wahubiri, na watu kumi na wanne wakageuka kumtazama mama mmoja, mhazini wetu. Akajifunga kanga yake vizuri, akachukua Biblia yake, akatoka kabla ya sala ya kufunga.

Siku tisa baadaye mwenyekiti alirudi kutoka Singida na risiti ya gari la kusafirishia maiti mfukoni. Fedha alichukua yeye. Msiba ulimjia ghafla, akaondoka usiku bila kumwambia mtu.

Naandika haya kwa ajili yako unayeongoza kikundi cha nyumbani, au unayepewa zamu ya neno mara moja kwa mwezi na hukusoma chuo cha theolojia. Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa hasira. Kumbe lilikuwa kosa la usomaji, na waliokuja kunionyesha ni watu walioishi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, Wapuritani wa Massachusetts, Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia Amerika. Nilikutana nao kwenye kozi ya jioni ya historia ya kanisa, nikiwa na usingizi, na ghafla usingizi ukakata.

Tuwape haki yao kwanza. Hawa watu walijua kusoma. Walivuka bahari wakiwa na Biblia ya Geneva ya 1560, iliyojaa maelezo pembeni mwa kurasa, na baadaye hii ya Mfalme James ya 1611. Mwaka 1647 koloni lao lilipitisha sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika, na sababu iliyoandikwa kwenye sheria yenyewe ni kwamba Shetani, yule mdanganyifu wa zamani, anataka watu wasiyajue Maandiko. Mhubiri wao hakupanda mimbarini kupiga hadithi. Kanuni walikuwa wameipata Cambridge ya Uingereza kwa William Perkins, ambaye kitabu chake cha kufundisha wahubiri kilitoka kwa Kilatini mwaka 1592: soma andiko waziwazi, eleza maana yake kwa kutumia Maandiko yenyewe, penye giza pakimulikwa na penye nuru, toa fundisho moja au machache yenye faida, kisha lipeleke fundisho kwenye maisha ya wasikilizaji, kwa lugha nyepesi. Perkins aliwagawa hata wasikilizaji katika makundi saba, maana asiyejua na hataki kufundishwa hapewi dawa moja na aliyevunjika moyo.

Ukitaka ushauri wangu wa kwanza, ni huu: iga hatua tatu za mwanzo bila aibu. Mimi nazitumia mpaka leo. Soma sura nzima kwa sauti kabla hujasema lolote. Tafuta mahali pengine Biblia inapozungumzia jambo hilohilo. Andika fundisho lako kwa sentensi moja. Ikikushinda, hulijui bado. Wasikilizaji wao pia waliandika. Robert Keayne, mfanyabiashara wa Boston, alijaza madaftari ya mahubiri, na hilo halikumzuia kutozwa faini mwaka 1639 kwa kuwauzia watu bidhaa kwa bei ya kuwaumiza. Daftari ni daftari tu.

Tatizo lipo kwenye hatua ya nne, ya kulipeleka fundisho kwenye maisha ya watu. Hapo ndipo mimi nilipoangukia, na wao pia.

Walikuwa na mazoea ya kusoma Agano la Kale kama kivuli cha mambo yajayo. Si mazoea mabaya. Paulo mwenyewe anasema hivyo kwa Wakolosai. Lakini walipofika ng'ambo ya bahari kivuli kikasogea, kikawaangukia wao. Uingereza ikawa Misri, Atlantiki ikawa Bahari ya Shamu, na wao wakawa Israeli. Mwaka 1630 gavana wao John Winthrop aliwaambia kwamba watakuwa kama mji juu ya mlima, na macho ya watu wote yatawatazama. Maneno mazuri. Alichoonya pale ni kwamba wakilivunja agano wataangamia, jambo ambalo wanaoyapenda maneno hayo siku hizi hulisahau. Ila angalia kiti alichokalia. Ukishakuwa Israeli, jirani yako anakuwa nani?

Anakuwa Mkanaani. Mwaka 1634, ndui ilipokuwa imewafagia wenyeji wa pwani ile, Winthrop aliandika kwenye barua kwamba Bwana amewasafishia hati ya nchi wanayoimiliki. Mei 1637 wanajeshi wa kikoloni na washirika wao walichoma moto kijiji cha Wapequot, wenyeji wa huko, pale Mystic, wakafa watu kwa mamia, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee. Kapteni John Underhill, mmoja wa waliokuwepo, alipoulizwa huruma ya Kikristo iko wapi, aliwaelekeza wasomaji wake kwenye vita vya Daudi. Hakuwa mtu asiyesoma Biblia. Aliisoma akiwa amekaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyempa.

Tabia hiyo ikianza haina breki. Winthrop anasimulia kwenye shajara yake kwamba mwanawe alikuwa na kitabu kimoja kilichojalidiwa pamoja Agano Jipya la Kigiriki, Zaburi na kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza. Panya waliingia stoo yenye vitabu zaidi ya elfu moja, wakatafuna kitabu cha sala ukurasa kwa ukurasa, wakaacha vile viwili vingine bila kugusa. Gavana akaona inafaa kuandikwa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu darasani, kisha nikakumbuka ni mara ngapi nimesikia, na nimesema mwenyewe, kwamba umeme umekatika wakati wa ibada kwa sababu adui amekasirika.

Usidhani hakuna aliyewashtua. Roger Williams, mchungaji waliyempa amri ya kuondoka mwaka 1635 na aliyekwenda kuanzisha Providence, aliwajibu kwa silaha yao wenyewe. Alisema Israeli ya kale ilikuwa kivuli, na kivuli hicho kimekamilika katika Kristo. Hakuna taifa lolote leo, Uingereza wala Massachusetts, lenye ruhusa ya kukalia kiti kile na kushika upanga wa Yoshua. Halafu akawafungulia mfano wa magugu katika Mathayo 13. Mnang'oa magugu, aliwaambia, lakini Yesu ameeleza mwenyewe kwamba shamba ni ulimwengu, na kwamba vyote viwili viachwe vikue mpaka mavuno. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1644. John Cotton, mhubiri mkubwa wa Boston, alimjibu mwaka 1647 kwa kitabu kizima. Wote wawili wa Cambridge, wote wawili na Biblia ileile. Mimi nipo upande wa Williams, ingawa nakiri alikuwa mtu mgumu kuishi naye.

Kilichonikatia usingizi, hata hivyo, ni Salem, hukohuko Massachusetts. Mwaka 1692, watu wakiwa wameanza kukamatwa kwa tuhuma za uchawi, mchungaji Samuel Parris alichukua andiko la Yohana 6:70, pale Yesu anapowaambia wale Thenashara kwamba mmoja wao ni shetani. Hakuhitaji kutaja jina. Sarah Cloyce, ambaye dada yake Rebecca Nurse alikuwa ametiwa ndani siku chache kabla, aliinuka akatoka nje ya nyumba ya ibada. Wakasema mlango ulibamizwa. Muda si muda naye akashtakiwa. Yeye alinusurika, dada yake akanyongwa mwezi Julai. Walionyongwa kwa jumla ni 19.

Mwalimu aliendelea na somo. Mimi nilikuwa naona kanga.

Tangu hapo, kabla ya zamu yangu, nachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja naandika watu wote waliomo kwenye kisa. Upande wa pili naandika ni nani kati yao mimi sitaki kuwa, na namsoma huyo kwanza. Kwenye Yoshua 7 nilikuwa nimejipa kiti cha Yoshua bila kujiuliza, tena bila kuona kwamba Yoshua mwenyewe hakumkisia mtu, alisubiri Bwana aonyeshe. Na kama andiko langu linampata mtu mmoja tu chumbani, silitumii siku hiyo. Namfuata mtu huyo nyumbani kwake, au nanyamaza.

Samuel Sewall alikuwa mmoja wa mahakimu wa Salem. Desemba 1696 alifiwa na binti yake mdogo, na kesho yake mwanawe alikuwa akimsomea Mathayo 12 kwa Kilatini. Akafika mstari wa saba: kama mngejua maana ya maneno haya, nataka rehema wala si sadaka, msingaliwahukumu wasio na hatia. Sewall aliandika kwenye shajara kwamba mstari ule ulimrudishia Salem kwa kutisha. Mara hii hakutafuta mwingine wa kumpa kiti. Januari 1697, siku ya kufunga, alimkabidhi mchungaji karatasi yake ya toba mbele ya kusanyiko lote la Boston, akasimama wakati inasomwa, ilipokwisha akainamisha kichwa. Miaka mitatu baadaye alitoa kijitabu kupinga utumwa, akitumia kisa cha Yusufu, na wasomaji wake, watu wenye watumwa majumbani, akawaweka kwenye kiti cha ndugu waliouza ndugu yao. John Saffin, naye hakimu, akamjibu mwaka 1701, akiutetea utumwa kwa watumwa wa Ibrahimu na Mambo ya Walawi.

Nilikwenda kwa mhazini wetu siku ya Jumamosi mchana, na kilo mbili za sukari kama mtu anayekwenda kuposa. Akanikaribisha, akanipa chai. Nikasema niliyokuja kusema. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikombe changu kilichokwisha, akasimama nacho mlangoni.

"Mwalimu, nimekusamehe. Ila ulinisema mbele ya watu kumi na wanne. Mbona leo umekuja peke yako?"

Jumatano iliyofuata nilimwomba mwenyekiti anipe dakika tano kabla ya nyimbo. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, maana nilijua nikisema kichwani nitajitetea. Kiti chake karibu na dirisha kilikuwa wazi. Nikasoma nimesimama.