Panya wa friza: kwa wanaoanza kulisha nyoka

Vijana wanaojiunga nasi kwenye bustani ya nyoka hapa Mombasa wengi huja na hofu moja, kugongwa. Hofu hiyo ni halali, na taratibu za kazi zipo kwa ajili yake. Lakini kitakachokusumbua wiki za mwanzo ni kingine: chatu anapewa panya aliyetoka friza, anamtazama, anatoa ulimi mara mbili tatu, kisha anageuza kichwa. Utasikia wenzako wakisema huyu mkaidi, mpe panya hai. Kabla hujakubali, mshike yule panya mwenyewe. Mara nyingi utakuta hana joto, na chatu hakuwa na kosa lolote.

Tunatumia panya aliyekufa kwa sababu panya hai ana meno na hakubali kufa kirahisi. Tunaye chatu mmoja mwenye kovu linalopita juu ya jicho la kushoto, kutoka kwa panya aliyeachwa naye usiku kucha kabla hajaletwa kwetu. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba tu, na jino la panya hulipasua. Zaidi ya hayo, panya aliyegandishwa unaweza kumweka akiba, kumpima uzito na kumchagua kwa ukubwa. Kipimo chetu ni unene: panya awe sawa na sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka, au azidi kidogo tu.

Sasa joto. Hali ya hewa yetu hudanganya. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto la nyuzi 31 au 32, ukimtoa panya friza ukamwacha mezani, baada ya muda ngozi inalainika, manyoya yanaloa, unaona yuko tayari. Ndani bado ni barafu. Na ukimwacha mezani mpaka barafu ya ndani iyeyuke, huku nje bakteria wanazaliana na nyama imeanza kuharibika. Kwa hiyo mhamishie kwenye friji jioni ya kuamkia siku ya kulisha. Panya mdogo anatosha usiku mmoja. Panya mkubwa mpe saa 24. Asubuhi mbonyeze tumbo kwa kidole gumba, chini kidogo ya mbavu. Ukigusa kitu kigumu kama kokoto ndani, mrudishe kwenye friji asubiri. Nyoka hutegemea joto la nje kusaga chakula, na akimeza panya mwenye barafu tumboni, usagaji unachelewa na aghalabu atamtapika.

Akishayeyuka sawasawa, ndipo umpashe joto. Mtie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, ukizamishe kwenye beseni la maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia. Yakipoa, yabadilishe. Usitumie maji yanayochemka wala mikrowevu: tumbo hupasuka, na nyama huiva upande mmoja huku upande mwingine ukibaki baridi. Ukitaka kumtumbukiza panya moja kwa moja majini, inawezekana, lakini mkaushe vizuri kwa gazeti kuukuu, maana panya aliyeloa hukusanya mchanga na takataka za kwenye kasha anamokaa nyoka, na zote huingia kinywani mwake. Lengo ni ngozi ifike nyuzi 37 au 38, joto la panya aliye hai. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kitakuambia mara moja.

Kwa nini nasisitiza hivi? Chatu ana vishimo vidogo kwenye midomo, vinavyotambua tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake. Tofauti ndiyo inayofanya kazi. Katika nchi ya baridi, hata panya wa vuguvugu anaonekana mbele ya ukuta wa baridi. Hapa kwetu, panya wa nyuzi 31 ndani ya chumba cha nyuzi 31 ni kama hayupo kwa vishimo vile. Ndiyo maana nasema chatu wa Mombasa anahitaji panya aliyepashwa vizuri kuliko hata chatu wa Ulaya. Akisita, elekeza kikaushio cha nywele kwenye kichwa cha panya kwa muda mfupi, umpe tena hapo hapo. Kichwa kikiwa na joto kuliko mwili, chatu hulenga kichwa, na panya akianzia kichwani hushuka bila miguu kukwama.

Kifutu hana vishimo hivyo, wala nyoka wa nyumbani, yule mdogo asiye na sumu anayeingia majumbani, hana. Hao hufuata zaidi harufu na mwendo. Kwao joto bado ni muhimu, lakini jinsi unavyomtikisa panya ni muhimu vilevile.

Mshike panya kwa koleo ndefu, nyuma ya mabega au kwenye kiuno, kamwe usimshike kwa vidole. Mpitishe mbele ya nyoka taratibu kama panya anayenusa njia, kisha umwache atulie kidogo. Wageni wengi hutikisa mno, wakamgonga nyoka puani, naye akajikunja kujilinda badala ya kula. Akishamdaka na kumzungushia mwili, usiachie na kuondoka mara moja. Mvute panya kidogo sana kwa koleo, mara moja au mbili. Nyoka aliyezoea mawindo hai hukaza anapohisi uhai, na akikaza humalizia kumeza. Baada ya hapo ondoka, funga, zima taa. Chatu mwoga hawezi kumeza huku watu wanapiga soga mbele ya kioo.

Kwa nyoka wenye sumu, usilishe peke yako hata siku moja. Wawe watu wawili, kufuli likaguliwe kabla na baada.

Nawa mikono kabla na baada. Kabla, kwa sababu mkono unaonukia panya ni chakula machoni pa nyoka. Baada, kwa sababu ya salmonela, bakteria ya kuharisha ambayo kugandisha hakuiui. Kisha mwache nyoka saa 48 bila kumgusa. Akitapika, usimlishe siku inayofuata kwa huruma. Mpe siku 10 hadi 14, kagua joto la kasha, halafu mpe panya mdogo zaidi.

Friza nayo ina mambo yake. Stima ikipotea, usiifungue kuchungulia. Friza iliyojaa huhifadhi baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu karibu saa 24. Weka ndani kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu uweke sarafu. Ukirudi kazini baada ya mapumziko ukakuta sarafu imezama, ujue kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena wakati haupo, na panya wote hao ni wa kutupwa. Inauma kutupa, lakini inauma zaidi kumzika nyoka.

Usishawishike na panya wa mtaani, hata akiletwa bure. Panya wa masoko kama Marikiti au Kongowea huenda amekula sumu ya kuzuia damu kuganda, anatembea siku kadhaa kabla ya kufa, na sumu hiyo haiondoki kwa kugandishwa. Tumia panya weupe waliofugwa kwa ajili hiyo tu.

Kwa wale wanaofikiria kufuga nyumbani: Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza. Kifuate kibali, ndipo umfuate nyoka.

Na akikataa hata baada ya haya yote? Tazama kwanza macho. Yakiwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba, na wengi hawali mpaka wamalize. Katikati ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa inapopoa, chatu wakubwa wengine hupunguza kula kwa hiari yao. Mpime uzito na uandike daftarini tarehe, uzito wa panya, na kama amekula au la. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asidhoofike. Uzito ukishuka wiki baada ya wiki, mwite daktari wa mifugo anayejua nyoka.

Panya aliyekataliwa asirudishwe friza. Mwache kwenye kasha saa chache tu, usiku kucha kama ni kipindi cha kusi na nyoka ni mwoga, kisha mfunge na umfukie kwenye shimo refu. Ukimtupa kwenye pipa wazi, kunguru watamtoa kabla hujafika getini.